Sweta Tatu na Kiazi Mfukoni

Kuna siku zina baraka zake, halafu kuna Jumatano.

Wangare aliijua Jumatano hata kabla ya kufungua macho. Aliijua kwa kelele. Mama mkwe wake alikuwa tayari ameamka, anafungua na kufunga sanduku la nguo, anauliza ni nani ameficha sweta ya kijani ya mtoto. Hakuna aliyeificha. Ilikuwa kwenye kamba, imelowa ukungu, kwa sababu huku Keringet, kwenye vilima vya baridi, nguo haikauki kwa siku moja hata uibembeleze.

Wangare alikamua ng'ombe wawili. Mumewe, Ndegwa, alimimina maziwa kwenye mtungi na kuukimbiza barabarani kabla gari la maziwa halijapita. Kwenye sufuria yalibaki kidogo, ya chai. Mayai ya jana nayo yaliondoka na Ndegwa, yakaachwa dukani yauzwe. Kisha Ndegwa akaenda shambani kupalilia viazi, na nyumba ikabaki na wanawake watatu. Alikuwepo Wangare, mwenye miaka ishirini na minne. Alikuwepo mama mkwe wake, Wamuyu, aliyekaribia sabini. Na alikuwepo Wamuyu wa pili, binti ya Wangare, aliyetimiza mwaka mmoja.

Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Si jina tu. Mtoto huyo ndiye nyanya mwenyewe, amezaliwa tena. Ili watu wasichanganyikiwe, mkubwa aliitwa Shosho, yaani nyanya, na mdogo akaitwa Kashosho, nyanya mdogo. Siku Shosho akiwa na furaha, alimwita Wangare "mama", maana si ndiye aliyemzaa upya? Siku hizo hazikuwa nyingi.

Desturi ni nzuri, lakini ilikuwa na taabu yake. Ukisema Kashosho analia sana, Shosho anakujibu kwamba yeye hajawahi kuwa mtu wa kulialia. Ukisema Kashosho ana makamasi, umemtukana Shosho. Na kusema kwamba Kashosho amekonda, hilo hakuna aliyelithubutu.

Ila Wangare aliliona kila alipomwogesha. Mapaja ya mtoto yalikuwa na ngozi iliyolegea. Kikohozi kilikuwa kikienda, kinarudi. Mtoto wa jirani, wa umri uleule, alikuwa anashika kiti, anasimama, anazunguka meza na kumwaga vitu vya watu. Kashosho aliketi palepale alipowekwa. Wangare aliogopa, na hofu ile hakumwambia mtu.

"Mlete hapa," Shosho aliita. "Daktari wa mkoba anakuja."

Daktari wa mkoba hakuwa daktari. Alikuwa Cheptanui, jirani wa ng'ambo ya mto, mama wa watoto wanne, aliyefunzwa kuwa mhudumu wa afya ya jamii. Kazi yake ilikuwa kutembelea nyumba zenye watoto wadogo. Alikuja kila baada ya wiki mbili, amevaa gambuti za mpira za kukanyagia tope, na mgongoni amebeba mkoba wenye mizani, utepe wa kupimia mkono na dawa chache.

Shosho alianza kumvalisha mtoto. Sweta ya kwanza ya manjano. Sweta ya pili ya buluu. Sweta ya tatu ile ya kijani, bado na unyevu. Juu yake koti. Kichwani kofia ya marvin, miguuni gambuti ndogo. Mtoto alipokamilika, mikono yake ilikaa wazi kwa pande zote mbili, haikunjiki.

Wangare alijua sababu. Mwaka uliopita mtoto wa mama mmoja wa kanisani aliandikwa kuwa na uzito mdogo. Ilipofika Jumapili, wanawake walikuwa wanauliza kama nyumba ile hupika. Shosho aliapa kwamba jina lake halitaandikwa hivyo. Funika kombe mwanaharamu apite, na Wangare akanyamaza. Tatizo ni kwamba Cheptanui hakuwa mtu wa kupita. Alikuwa mtu wa kurudi.

Alifika saa tatu, akasalimu, akakaa, akatoa simu. Kisha maswali yakaanza. Mtoto amekuwa na homa? Anaharisha? Analala kwa chandarua? Mnanawa mikono na sabuni mkitoka chooni? Anakula mara ngapi? Anakula nini? Anasimama akishikilia kitu?

"Cheptanui, haya si ndiyo uliniuliza wiki mbili zilizopita?" Wangare alisema. "Choo ni ileile. Haijahama."

"Najua, Mama Wamuyu. Lakini hii simu haisongi mbele kama sijajibu."

"Basi jibu wewe. Si unajua majibu?"

Cheptanui alicheka, lakini hakujibu mwenyewe. Alingoja. Wangare akamwambia, kwa kuudhika, kwamba mtoto anakula vizuri. Asubuhi uji, mchana viazi vya kuponda, jioni uji tena. Katikati anakunywa chai kama watu wengine. Na uji wenyewe haukuwa uji wa mchezo. Ulikuwa wa unga aliousagisha mwenyewe, wenye vitu tisa ndani: mahindi, mtama, wimbi, mchele, ngano, soya, mihogo, njugu na dagaa wa omena. Wangare aliutaja unga ule kwa majivuno. Kama kulikuwa na kosa nyumbani humo, lilikuwa la yule mama mwenye sweta, si la unga wake.

"Na kusimama?" Cheptanui aliuliza.

"Atasimama," Shosho alijibu kutoka mlangoni. "Mimi sikuwa mtu wa haraka."

Cheptanui alitundika mizani kwenye boriti ya paa, nje, akatayarisha suruali ya kitambaa ya kumning'inizia mtoto. Akaomba, kwa upole kama kila mara, kwamba leo wamvue mtoto hata sweta moja tu.

"Umvue wewe?" Shosho aliuliza. "Akishikwa na nimonia, ni wewe utakuja kumbeba mgongoni?"

Cheptanui alimnyanyua mtoto, akaanza kumwingiza miguu kwenye ile suruali. Kashosho akainama kidogo upande, na kitu kikatoka kwenye mfuko wa koti, kikaanguka, kikabingirika mpaka kwenye gambuti ya Cheptanui.

Kilikuwa kiazi. Si kiazi kidogo. Kilikuwa kile kikubwa, cha kuchagua, ambacho mkulima hukiweka juu kabisa ya gunia ili mnunuzi akione kwanza.

Kuku mmoja alikuja, akakitazama, akaenda zake.

"Alikuwa anakichezea," Shosho alisema.

Wote watatu waliitazama mikono ya mtoto, ile isiyokunjika.

Wangare alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Alichoka. Alichoka na Jumatano, alichoka na maswali, alichoka na mama mkwe wake na maneno yake. Zaidi ya yote alijichoka mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaona mapaja yale kila siku na akanyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo aliifahamu tangu shule ya msingi, na aliwahi kuiandikia insha.

"Nipe huyo mtoto," alisema. "Na hiyo mizani tuilete ndani, karibu na moto."

"Wangare, usithubutu."

"Nathubutu, Shosho. Leo nathubutu."

Jikoni moto ulikuwa unawaka vizuri. Wangare aliketi, akamweka mtoto mapajani, akaanza kumvua. Gambuti. Marvin. Koti. Sweta ya kijani, ya buluu, ya manjano. Kila nguo iliyotoka, mtoto alizidi kupungua. Mwishowe alibaki mtoto mdogo sana mwenye macho makubwa, anashangaa kwamba mikono yake inaweza kukunjika.

"Mpime," Wangare alisema.

Wiki mbili zilizopita mizani ilikuwa imesema kilo nane. Leo ilisema kilo saba kasoro kidogo. Kilo nzima na zaidi ilikuwa imekaa pale kwenye kiti, imekunjwa.

Cheptanui alitoa utepe, akauzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Alimwonyesha Wangare. Utepe ulikuwa na rangi tatu. Kijani maana yake mtoto yuko salama. Manjano ni onyo, mtoto ameanza kukosa lishe. Nyekundu ni hatari, apelekwe hospitali bila kungoja. Mkono wa Kashosho ulisimama kwenye manjano, na nyekundu haikuwa mbali.

"Kwa hivyo mnasema mimi nimekonda," Shosho alisema kutoka pembeni.

Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. Alivuta kigoda, akaketi, akawapa mgongo.

Cheptanui alimfunika mtoto kwa leso, kisha akasogeza kigoda chake mpaka karibu na Shosho. Alisema kwamba na yeye ana makosa. "Hii ni mara ya nne nakuja kupima huyu mtoto, na mara tatu nimempima na nguo. Nilikuwa nakuogopa, Shosho. Nimeandika uongo kwa simu na nauona kwa macho yangu. Kazi yangu si kuandika watu vibaya. Ni kuona mapema. Sasa nikifichwa, nitaona nini?"

Shosho alirekebisha kitambaa chake kichwani.

"Ndegwa ulimlea na nini?" Cheptanui aliuliza.

Shosho hakuwa mtu wa kuulizwa habari za Ndegwa akanyamaza. Alianza kwa kunung'unika, kisha sauti ikapanda. Ndegwa alilelewa na ndizi zilizopondwa na njahi, yale maharagwe meusi. Alilelewa na viazi vitamu, na mboga za terere. Na maziwa. "Kikombe cha kwanza cha asubuhi kilikuwa cha mtoto. Hata mzee alikuwa anangoja."

"Na siku hizi, kikombe cha kwanza ni cha nani?"

Macho ya Shosho yakaenda nje, kule barabarani ambako mtungi ulikuwa umeondoka na gari tangu alfajiri.

Wangare alijisikia vizuri kidogo. Hatimaye mtu mwingine alikuwa anaulizwa maswali. Raha hiyo haikudumu, kwa sababu Cheptanui aligeuka na kuomba kuona ule uji. Aliuchota kwa kijiko, akakiinamisha. Uji ukatiririka kama chai.

"Una vitu tisa ndani," Wangare alisema haraka. "Kuna hata omena."

"Na ndiyo shida, Mama Wamuyu. Angalia ngumi ya huyu mtoto. Tumbo yake si kubwa kuliko hiyo sana. Ukiijaza maji, chakula kitaingia wapi? Na vitu tisa pamoja ni vingi, tumbo yake inasumbuka. Njugu moja ikishika ukungu ndani ya huo unga, yote imeharibika na huwezi kujua."

Wangare alihisi uso unamuwaka. Siku zote alikuwa ameliona kosa limekaa pembeni pale, limevaa kitambaa kichwani. Kumbe lingine lilikuwa kwenye debe lake la unga.

Cheptanui alimweleza polepole. Achukue nafaka moja au mbili tu, kama wimbi na mahindi. Apike uji mzito, unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Aongeze maziwa wakati wa kuupika. Omena na njugu si vibaya, ila avipike kando, vikiwa vizima na visafi, kisha aviponde kwenye chakula. Viazi si vibaya pia, lakini viazi peke yake havitoshi. Aponde na maharagwe au ndengu, na mboga za majani, na kijiko cha mafuta. Mtoto wa umri huu ale mara tatu kwa siku, na katikati apewe kitu kidogo mara mbili, kama ndizi au parachichi. Aendelee kunyonya mpaka afike miaka miwili au zaidi. Na chai wamnyime kabisa, kwa sababu majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya kuongeza damu.

"Na yai," alisema. "Yai moja kila siku, iive vizuri."

Hapo Shosho aligeuka. "Mtoto akila mayai anachelewa kuongea. Hilo kila mtu anajua."

"Wewe ulikula mayai ukiwa mtoto, Shosho?"

"Nilikula. Baba yangu alikuwa na kuku wengi."

"Na ulichelewa kuongea?"

Wangare aliinama haraka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Shosho alimwona. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo.

Cheptanui alikunjua mkeka, akamweka Kashosho chini akiwa na nguo nyepesi, kando ya moto lakini si karibu sana. Aliwaambia baridi ya Keringet ni ya kweli, na mtoto avae sweta moja na soksi. Lakini mtoto aliyefungwa kama gunia hawezi kujifunza kutambaa wala kusimama. "Hata mimi mkinivalisha hivyo, nitakaa tu." Wamweke chini, wamwite, waongee naye, wampe kikombe cha plastiki agonge. Kashosho alikishika kikombe, akakigonga sakafuni, akamtazama nyanya yake. Akagonga tena.

Ndegwa aliingia kunywa chai ya saa nne. Alikuta mtoto hana sweta, mama yake yuko kimya, na kiazi kikubwa kimekaa juu ya meza. Akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akasema hayo ni maneno ya wamama, akatafuta kikombe chake.

"Kuanzia kesho," Shosho alimwambia, "kabla mtungi haujajazwa, kikombe cha kwanza ni changu."

"Chako?"

"Changu." Alionyesha mtoto kwa kidole. "Na mayai ya hao kuku yanabaki hapa."

Ndegwa alianza kusema kwamba maziwa yakipungua watu wa gari watauliza. Shosho alimuuliza kama yeye alinyonyeshwa na gari. Ndegwa akanywa chai yake amesimama, akarudi shambani.

Kabla ya kuondoka, Cheptanui aliandika karatasi ya kuwapeleka kituo cha afya, akasema waende kesho yake, wasingoje. Na kama mtoto akikataa kula kabisa, au akitapika kila kitu, au miguu ikivimba, wasingoje Jumatano yoyote. Waende saa hiyohiyo. Kisha akafuta kilo nane kwenye simu, akaandika ukweli.

Kesho yake Wangare na Shosho walienda kwa bodaboda. Muuguzi alimvua mtoto nguo zote bila kuomba ruhusa ya mtu, akampima, akasikiliza kifua chake, akampa dawa ya minyoo na matone ya vitamini A. Aliwapa pia pakiti za chakula cha kumwongezea nguvu, akawaandikia siku ya kurudi. Jumapili ilipofika, Shosho alikaa kanisani ameshika mkoba wake kwa nguvu, akingoja kusikia jina lake. Hakuna aliyelitaja. Watu walikuwa na shida zao.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nyumba ile ikawa na amani. Wapi. Cheptanui sasa alikuja kila wiki badala ya kila wiki mbili, na maswali hayakupungua hata moja. Kashosho alitema yai siku nne mfululizo, siku ya tano akalila lote. Shosho alisema uji mzito unamkaba mtoto, kisha akaanza kumlisha yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimkaripia Wangare kwamba anaharakisha. Ndegwa alilalamika kuhusu maziwa kwa wiki tatu. Kisha alfajiri moja Wangare alimkuta amechuchumaa jikoni na kikombe mkononi, anamnywesha mtoto, na wote wawili wana masharubu meupe. Wangare alirudi nje.

Ule unga wa vitu tisa Wangare aliwamwagia kuku, na ilimuuma moyo.

Miezi miwili ilipoisha ilikuja Jumatano ya mvua. Njia iligeuka tope tupu, na Cheptanui alichelewa. Shosho alisimama mlangoni tangu saa tatu. Alipomwona anapanda kilima ameshika gambuti moja mkononi, alianza kusema kabla hajafika.

"Hizi ni saa za kuja? Mtoto amekula, amemaliza, anangoja. Ama ulifikiri atakuja kukutafuta?"

Ndani, mizani ilitundikwa karibu na moto. Kashosho alikuwa na fulana moja tu, na Shosho ndiye aliyemvua nguo nyingine. Sindano ya mizani ilipanda, ikapita kilo nane bila msaada wa kiazi. Utepe ukasimama kwenye kijani. Cheptanui aliuacha mkononi muda mrefu kuliko kawaida, ili kila mtu aone.

Wangare aliutazama ule mkono mdogo. Alifurahi mpaka akashindwa kukaa. Akaokota sufuria iliyokuwa safi, akaanza kuiosha.

"Uliza maswali yako," Shosho alimwambia Cheptanui.

Cheptanui aliketi, akatoa simu, akauliza homa, akauliza kuhara, akauliza chandarua. Shosho alijibu moja moja, kwa haraka, kama mtu anayengoja jambo.

"Choo..."

"Choo ni ileile. Ruka. Uliza lile la mwisho."

"Mtoto anasimama akishikilia kitu?"

Shosho alimweka Kashosho mkekani, akarudi nyuma hatua mbili, akaketi kwenye kigoda chake na kunyoosha goti. Mtoto alitambaa mpaka hapo. Alishika sketi ya nyanya yake kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono yote miwili, mikono inayokunjika sasa. Akavuta. Akainuka nusu, akaketi kwa kishindo, akakasirika. Akavuta tena, miguu ikatetemeka, akasimama. Alisimama wima, ameshika goti la Shosho, akatazama watu wote mle jikoni kana kwamba ndio waliochelewa.

Wangare alikuwa ameiacha sufuria, analia na kucheka pamoja, na hakujali ni nani anamwona.

"Mama," Shosho alimwita Wangare, "mletee daktari chai."

Halafu akamgeukia Cheptanui, akagonga kile kioo cha simu kwa kidole.

"Andika. Andika Wamuyu amesimama. Na uandike hakuwa na sweta."

Cheptanui aliandika.